Nani Anaiwekea Feza Mpaka?

Sisi watu wa Masako, kwenye barabara ya zamani ya Buta, tunaijua feza kwa njia ya soko. Makala, ndizi na sombe vinashuka Kisangani juu ya kinga, na jioni feza ndiyo inapanda. Huko mjini kuna ajabu moja: franka iliyochakaa mpaka inanuka inapita mkononi bila neno, lakini dola yenye mpasuko mdogo kama ukucha, mama wa soko anairudisha. Sheria haikumtuma. Ukataaji huo una historia, na ndiyo tunataka kuisimulia hapa.

Mbele ya wazungu kufika, majirani zetu Lokele, Topoke na Turumbu walikuwa na feza ya chuma yenye umbo la mkuki mpana, nyingine ndefu sawa na mtu mzima. Ilifanya kazi zaidi kwa mambo ya mahari. Mfua chuma hakuwa na sheria iliyoandikwa, lakini mpaka wake ulikuwako: chuma, makala, na nguvu za mikono yake. Hakuweza kushika kipande kidogo na kusema, "Kuanzia leo hiki ni sawa na mia moja."

Leta ndiyo iliweza. Mwezi wa Juni 1967 zaire moja ilizaliwa, ikiwa sawa na franka 1,000 za zamani na dola mbili za Marekani. Sarafu ya makuta 5 ilinunua kitu, jamani! Mwaka wa 1988 sarafu ya zaire 10 ilitoka, lakini bei zilikimbia na chuma kikaachwa nyuma. Karatasi haichoki namna hiyo; unaongeza sifuri tu.

Wazee walikuwa wamekwisha kuumizwa mara moja. Disemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa kwa siku chache, na mtu alibadilishiwa kiasi fulani tu. Kijijini feza inalala chini ya kitanda, banki iko mbali. Basi ilibaki karatasi ya watoto kuchezea.

Kisha ikaja noti ya zaire 5,000,000. Thamani yake ilikuwa karibu dola mbili, ile ile ya zaire moja ya 1967. Étienne Tshisekedi, waziri mkuu aliyechaguliwa na Mkutano wa Taifa Agosti 1992, alisema noti hiyo haina nguvu ya sheria. Upande wa Mobutu uliitoa hata hivyo. Waaskari walilipwa nayo Januari 1993, wachuuzi wakaikataa, na waaskari wakageukia kupora. Kinshasa watu wengi walikufa, pamoja na balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard. Tuseme wazi: sheria ilikuwa na midomo miwili, na katikati yake alisimama mchuuzi na kilo yake ya chumvi.

Oktoba mwaka ule ule zaire mpya ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000. Kasai waliikataa, wakaendelea na zile za zamani. Noti kubwa za 1996 watu waliziita "prostate", juu ya ugonjwa wa Mobutu. Juni 1998, franka moja ya Kongo ilikuwa sawa na zaire mpya 100,000. Piga hesabu: zaire za zamani 300,000,000,000.

Usifikiri ni shida ya Kongo peke yake. Marekani, sheria inataja thamani ya sarafu za dhahabu, lakini ile ya 1996 juu ya platini inamwachia waziri wa feza kuchagua thamani. Kwa hiyo kuna waliosema afue sarafu moja ya dola trilioni moja ili serikali ilipe madeni. Mwaka wa 2013 serikali yenyewe ilikataa.

Kwetu, Katiba ya 2006 inasema kwenye kifungu cha 170 kwamba franka ya Kongo inalipa deni pahali pote nchini. Kifungu cha 176 kinaipa Banki Kuu uhuru wake katika kazi hiyo. Ni maneno mazuri, na tunayataka. Lakini hayatoshi kumfanya mtu aamini. Mwaka wa 2012 noti za franka 1,000 mpaka 20,000 zilitoka, na wengi waliziangalia kwa wasiwasi, wakihesabu sifuri kwa kidole. Bei ya kiwanja, ukiuliza leo, mwenyewe anakujibu kwa dola.