Upasuaji wa Ugwe wa Mgongo Huanzia Kijijini

Mwezi Juni 1887, jijini London, Victor Horsley alifungua mgongo wa mgonjwa aliyepooza miguu, akaondoa uvimbe uliokuwa ukiubana ugwe wa mgongo. Mgonjwa yule akatembea tena. Sifa nyingi zimemwendea Horsley, naye anazistahili. Lakini aliyemwonyesha pa kupasua ni William Gowers, daktari wa mishipa ya fahamu. Gowers alifuatilia maumivu yalikoanzia na kupima ngozi ilikoacha kuhisi. Hakuwa na eksrei, kwani Röntgen aliigundua mwaka 1895. Kwa watu wa Masisi na Walikale, huko Kivu Kaskazini mashariki mwa Kongo, tukio hilo lina fundisho kubwa: tiba ya mgongo huanza kwa uchunguzi makini na wa mapema, na uchunguzi huo haungoji mashine.

Mtu atapinga kwamba uvimbe ule ulikuwa nje ya ugwe, ilhali ulioota ndani yake ni jambo lingine kabisa. Ni kweli. Huo wa ndani aliuondoa Anton von Eiselsberg huko Vienna mwaka 1907. Mwaka 1911 Charles Elsberg wa New York alieleza njia ya hatua mbili: kuuchana ugwe kwa nyuma, kuuacha uvimbe ujisukume nje wenyewe, kisha kurudi baada ya siku kadhaa kuuondoa. Baadaye zikaja hadubini ya upasuaji na picha za MRI, na bila hizo hakuna anayepaswa kuthubutu leo. Hata hivyo, vifaa vyote hivyo havijabadili kanuni moja: anayefika akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kubaki akitembea, na aliyekwisha kupooza kabisa ni nadra kurudishiwa miguu yake. Siku zinazopotea kabla ya rufaa hakuna mpasuaji anayeweza kuzirudisha.

Huko Masisi na Walikale siku hizo hupotea kwa urahisi. Madaktari Wasio na Mipaka wameisaidia hospitali ya Masisi tangu 2007, na vyumba vya upasuaji vya huko vimebeba hasa mzigo wa majeruhi wa vita na wazazi wenye uchungu uliokwama. Kutoka milima ya Masisi au misitu ya Walikale hadi Goma, ilipo hospitali ya HEAL Africa iliyoanzishwa na Jo na Lyn Lusi, kuna matope na mapigano. Kampala, ambako kitengo cha upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu kilianzishwa katika hospitali ya Mulago mwaka 1969, ni mbali zaidi. Wengine watauliza: kwa nini kuhangaikia ugonjwa adimu wakati risasi, malaria na uzazi vinaua kila siku? Jibu ni kwamba uchunguzi uleule hufichua pia kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kikiwahiwa hutibika kwa dawa, na hupima madhara ya risasi iliyopita mgongoni. Muuguzi wa kituo cha afya anayeandika miguu ilianza kulegea lini, hisia zinakoma wapi na mkojo unatokaje, amefanya kazi aliyoifanya Gowers. Anayetaka siku moja upasuaji huu uwafikie watu wa Kivu Kaskazini aanze kwa kumfundisha muuguzi huyo na kuilinda barabara ya mgonjwa wake.