Anayekwama ana la kusema

Mpwa wangu anafanya kazi katika duka la steshenari, Kariakoo. Anachapa barua za watu, anatoa fotokopi, anaskani vyeti. Jumapili moja alikuja nyumbani na swali ambalo nililibeba hadi studio, na leo naliweka gazetini kwa wale waliolikosa redioni.

Kompyuta ya dukani kwao ina programu huria ya kuandikia, kwa sababu mwenye duka hakutaka kulipia leseni. Kila siku mpwa wangu anaona jambo lile lile. Mteja amemaliza barua yake ya kuomba kazi, anabonyeza kitufe cha kuhifadhi, kinatokea kidirisha kinachouliza faili lihifadhiwe kwa mfumo huu au ule. Mteja anaganda, mkono juu ya kipanya. Kisha anageuka: "Dada, nibonyeze wapi?"

"Mjomba," akaniuliza, "hao wanaotengeneza programu hizi walishawahi kukaa na mtu wakamwona anavyoganda? Na mimi nisiyejua kuandika programu, nikiwaambia, watanisikiliza?"

Nilimwambia, mwanangu, nitakujibu hewani.

Ndugu msomaji, programu huria ni ile ambayo maagizo yake, yale yaliyoandikwa na fundi, yako wazi: yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyabadili na kuyagawa. Historia yake husimuliwa kuanzia kwenye printa. Yapata mwaka 1980, katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT huko Marekani, Richard Stallman alisumbuliwa na printa mpya ya Xerox iliyokuwa ikikwamisha karatasi. Programu ya printa ya zamani alikuwa ameirekebisha mwenyewe, ikawa inawaarifu watu karatasi ikikwama. Hii mpya ilikuja bila maagizo yake, na alipoyaomba kwa mtu aliyekuwa nayo, alinyimwa. Septemba 1983 akatangaza mradi wa GNU. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini cha mfumo wa kompyuta kiitwacho Linux, na vitu hivyo viwili vikaunganishwa.

Lakini tutazame uhuru huo ulimfaa nani. Mwenye kero aliirekebisha mwenyewe, kisha akawapa wenzake. Utaratibu mzuri sana, ikiwa mwenye kero ni fundi. Mama wa genge aliyekwama kwenye kidirisha hana pa kuanzia. Fundi naye hakwami pale, kwa hiyo hajui kama pana tatizo. Kwa miaka mingi aliyeuliza swali la kinyonge alijibiwa akasome kitabu cha maelekezo.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 2001. Vijana wawili wa Mexico, Miguel de Icaza na Federico Mena, walikuwa wameanzisha mwaka 1997 mradi wa GNOME, yaani skrini yenye menyu na picha za kubonyeza, ili Linux itumike na watu wa kawaida. Kampuni ya Sun Microsystems (Oracle iliinunua mwaka 2010) ilitaka kuiweka GNOME katika mashine zake. Kabla ya kufanya hivyo ikaita kundi dogo tu la watu waliozoea mifumo mingine, ikawaketisha mbele ya kompyuta, ikawapa kazi za kufanya, na wataalamu wakakaa pembeni wakiandika. Hawakuwafundisha. Waliandika tu mahali mtu alipokwama. Halafu ripoti ikatolewa hadharani.

Nadhani ripoti ile iliwauma mafundi. Menyu kuu ilikuwa nyuma ya picha ya unyayo wa mguu, kwa kuwa unyayo ndio nembo ya GNOME. Programu ya kufungulia mafaili iliitwa Nautilus. Wenyewe walielewa, mgeni atajuaje? Mwaka uliofuata, 2002, mradi ukatoa kitabu cha kanuni za mwonekano. Humo waliagizwa kwamba jina kwenye menyu lieleze kazi ya programu, na kitufe kiandikwe kitenzi, kwa mfano "Hifadhi", badala ya "Ndiyo" na "Hapana" zinazomfanya mtu asome swali mara tatu. Mimi nimesoma stashahada ya uandishi wa habari, na nakiri kwamba hiyo ni kazi ya mhariri kabisa. Haihitaji mstari hata mmoja wa programu.

Msidhani vita viliishia hapo. Mwaka 2004 Eric Raymond, mmoja wa watetezi wakubwa wa programu huria, aliandika kwa hasira jinsi alivyohangaika kuunganisha printa iliyokuwa kwenye kompyuta nyingine nyumbani kwake. Printa tena! Ikiwa yeye alihangaika hivyo, shangazi yake angefanyaje? Na Desemba 2005 Torvalds mwenyewe akawashambulia watu wa GNOME kwamba wanapunguza vitufe mno kwa kuwaona watumiaji kama wajinga. Hoja yake ilikuwa na uzito kiasi, maana urahisi ukizidi humfunga mikono anayejua. Ila naona hakuna upande uliokuwa na haki ya kubishana bila kwanza kumwita mtumiaji na kumtazama.

Sisi wa redio tunao mfano wa karibu zaidi. Programu ya kukatia sauti, Audacity, ilitolewa kwa umma mwaka 2000, na imewafundisha kazi vijana wengi wa vyumba vya habari. Kwa takriban miaka 20 ilihifadhi kazi kama faili dogo, na kando yake folda yenye vipande vya sauti. Aliyebeba faili peke yake kwenye flashi alifika studio hana sauti. Fundi anayejua folda ile ni ya nini hawezi kuisahau; anayeanza ndiye huiacha. Machi 2021 toleo la 3.0 likaunganisha vyote katika faili moja.

Yupo pia Martin Keary, mtunzi wa muziki. Mwaka 2019 alitoa video ya kuikosoa MuseScore, programu huria ya kuandikia nota, akionyesha kidirisha kwa kidirisha mahali inapomchosha mtumiaji. Waliokosolewa walimpa kazi ya kuongoza usanifu wake, na Desemba 2022 likatoka toleo la 4 lenye sura mpya kabisa. Kweli, Keary alikuwa mbunifu mzoefu. Lakini katika miaka ya 2010 wanagenzi wa mpango wa Outreachy, ulioanzia GNOME mwaka 2006 kwa ajili ya wanawake, walifanya majaribio ya aina ile ile ya Sun, na wakalipwa posho.

Jaribio lenyewe mtu anaweza kulifanya dukani. Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo. Mpe kila mmoja kazi halisi, kwa mfano "hifadhi barua hii uweze kuituma kesho." Mwombe aseme kwa sauti anachofikiri. Kisha nyamaza. Hapo ndipo pagumu, hasa kwetu tuliozoea kumsaidia mgeni kabla hajaomba. Ukimwonyesha, umeharibu jaribio. Ripoti itaje toleo la programu, alichoagizwa mtu, alichotarajia, na kilichotokea. Ukiandika "programu hii ngumu" fundi hana la kufanya nayo.

Mpwa wangu amekwisha fanya. Jumamosi baada ya kufunga duka aliwaketisha majirani watano, akawanunulia soda. Nimeliona daftari lake. Ukurasa wa nne ameandika: "Mama wa genge. Amekaa muda mrefu hajabonyeza. Anauliza ODF ni kampuni gani. Nimejibana nisicheke, sijamwambia."

Sasa anaiandika ripoti kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha wanayosomeana mafundi wale, na ameniomba nimsahihishie. Tumefika ukurasa wa pili.