Kauli ya Wanawake wa Usangi

Mara ya kwanza kusimuliwa habari za mbiru nilikuwa na miaka 13. Bibi alikuwa anachambua maharage ya makande, na alipofika kwenye sehemu ya wanawake mjomba akamkatiza: "Mama, hapa kuna watoto." Sehemu ile nilikuja kuisoma mwenyewe chuoni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, serikali ya Waingereza ilileta Upare kodi mpya juu ya kodi ya kichwa iliyokuwapo. Kila mtu angekadiriwa kwa mali yake. Watu waliiita mbiru, wakaichukia. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi. Watani wetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kudai kuku mahakamani. Mwaka ule utani ulikaribia kweli, maana walikaa pale miezi.

Wanawake walibaki juu na mashamba, watoto na maji ya ndiva, na chakula cha kuwapelekea waliokuwa Same. Bwana Shauri alipopanda Usangi (siku hizi iko Wilaya ya Mwanga, lakini Upare wote ulikuwa wilaya moja), mamia yao walimzingira. Amalize shauri la kodi ili waume zao warudi nyumbani. La sivyo, awape mimba wote yeye mwenyewe.

Wenzangu darasani walicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nawaza matroni.

Katika shule yangu ya sekondari, kila tulipotoka likizo wasichana tulipangwa mstari. Unaingia chumbani, unalala, matroni anakubonyeza tumbo kwa vidole viwili, hasemi kitu. Kidato cha pili, rafiki yangu aliyekuwa mbele yangu kwenye mstari hakurudi darasani. Sanduku lake la bati lilichukuliwa jioni na kaka yake. Mvulana aliyempa mimba tulimaliza naye kidato cha nne.

Hakuna sheria niliyopata kuiona iliyotaka tubonyezwe. Zilikuwapo kanuni za mwaka 2002 zilizoruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa humo. Wakati huo Tanzania ilikwishakubali, pamoja na nchi nyingine zaidi ya 170 huko Cairo mwaka 1994, kwamba afya ya uzazi ni haki ya mtu. Cairo ni mbali na bweni letu. Juni 2017 Rais Magufuli alisema hadharani, Chalinze, kwamba aliyezaa hatarudi shuleni katika utawala wake. Tarehe 24 Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba sasa ataruhusiwa kurudi. Rafiki yangu alikuwa na mtoto anayesoma tayari.

Siwafanyi wanawake wa Usangi kuwa kitu ambacho hawakuwa. Hawakudai uzazi wa mpango, wala hakuna aliyewauliza mabinti zao wangependa kuolewa lini. Walidai waume. Lakini walikuwa wameona jambo ambalo ofisi ya Same haikuliandika kwenye hesabu zake: kodi ile ilikuwa imeingia hadi vitandani mwao. Wakamwambia mwenye serikali, mbele ya watu, kwamba kama ameshaingia huko basi abebe na matokeo yake. Matumbo yao waliyataja wenyewe. Yetu yaliguswa, nasi tukanyamaza, tukifurahi kimoyomoyo kwamba vidole vimetupita.

Desemba iliyopita nilipanda nyumbani, nikamwomba bibi anisimulie tena. Mjomba alikuwapo, na binti yake anayesoma darasa la saba. Bibi alipofika pale pale alimtazama mjomba kwanza. Mjomba akainuka, akaenda kuangalia mbuzi.

Bibi akasimulia yote.

"Naye akajibu nini?" binti akauliza.

"Atajibu nini?" bibi akasema, akitupa jiwe alilolikuta kwenye maharage. "Kodi si waliifuta."