Miezi Sita ya Mdhamini

Kabla ya Waingereza kuingia Ukambani, mashauri ya Kitui yaliamuliwa na nzama, baraza la wazee. Jela haikuwapo. Fidia ya damu ililipwa kwa mifugo na ukoo mzima wa muuaji, na pale wazee walipokosa ushahidi, wabishani waliapishwa kwa kithitu, kiapo kilichoaminiwa kuangamiza nyumba ya mwongo. Aliyeitwa akakaidi aliwatwisha ndugu zake mzigo, lakini waliubeba pamoja.

Charles Dundas, ofisa wa kikoloni aliyehudumu Kitui, aliandika juu ya historia na sheria hizo mwaka 1913 na 1915. Serikali yake, hata hivyo, ilihukumu kwa vitabu vilivyotoka ng'ambo. Amri ya 1897 ilikuwa imezileta sheria za India Afrika Mashariki. Katika kanuni ya mwenendo wa jinai ya India ya 1898, kifungu cha 514 kilisema wazi: mshtakiwa asipofika, mdhamini atozwe fedha aliyoahidi, asipolipa, mali yake ikamatwe iuzwe, isipotosha, afungwe hadi miezi sita.

Mwaka 1930 Kenya ilitungiwa kanuni yake yenyewe, Kanuni ya Mwenendo wa Jinai. Uhuru ukaja, kisha sheria ya 1967 ikazifuta Mahakama za Kiafrika na kuleta mahakimu wa mfumo mmoja. Soma leo kifungu cha 131 cha kanuni hiyo: ni utaratibu ule ule, na miezi ni ile ile sita.

Katiba ya 2010 ilifungua mlango mpana. Ibara ya 49 inampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana yenye masharti ya haki, isipokuwa pawepo sababu nzito. Hata mwenye kesi ya mauaji, aliyekuwa amefungiwa mlango huo, akaupata. Miaka minne baadaye, sheria ya usalama ya 2014 iliongeza kifungu cha 123A kwenye Kanuni ya Mwenendo wa Jinai: aliyewahi kukosa kufika anaweza kunyimwa dhamana, mahakama ikiridhika kwamba huenda akakosa tena. Hilo nalikubali. Anayetoroka makusudi anamdhulumu aliyeumizwa, na shahidi aliyeacha shamba lake kuja kusema kweli hurudi bure.

Lakini kutoroka si sawa na kushindwa kufika. Kaunti ya Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na barabara nyingi ni za vumbi. Mtu wa Tseikuru au Mutha hutafuta nauli wakati wa kiangazi, mbuzi wamekonda na bei imeanguka. Kijana aliyeachiliwa huenda Nairobi kutafuta kibarua, kesi inaahirishwa, simu inapotea, tarehe mpya haimfikii. Waranti hutolewa siku hiyo hiyo. Anayefikiwa kwanza ni mama au mjomba aliyeweka hati ya shamba. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi ya Kitui ilikaa miaka mingi bila kupimwa wala kupewa hati, wenye nayo ni wachache na huombwa dhamana na kila mtu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba jijini New York ujumbe wa simu wa kukumbusha tarehe ulipunguza wasiofika kwa takriban asilimia 21. Kuiandika upya hati ya wito kwa lugha nyepesi kuliwapunguza kwa asilimia 13. Hakuna aliyefungwa ili hayo yapatikane.

Bunge linapaswa kukiandika upya kifungu cha 131: ukumbusho uthibitishwe kwanza, sababu isikilizwe, na kifungo cha mdhamini asiye na hila kiondolewe. Mahakimu hawana haja ya kungoja, maana kifungu hicho hicho kinawaruhusu kusamehe sehemu ya fedha.

Nawe uliyemdhamini mtu, fahamu kwamba kifungu cha 128 cha kanuni hiyo hiyo kinakuruhusu kwenda kwa hakimu wakati wowote kuomba kuondolewa dhamana. Ukimpigia mshtakiwa simu asipatikane, nenda mapema, usisubiri tarehe ya kesi.