Mahindi, Mbaazi na Jina la Uhindini

Katika mashamba ya Karatu, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, mahindi na mbaazi hupandwa pamoja katika shamba moja. Majina ya mazao haya mawili yamtaka mwanahistoria wa lugha awe na hadhari.

Neno mahindi lina shina -hindi, lile lile la Mhindi na Uhindi, ambalo Kiswahili kililipata katika Kiarabu. Ngeli ndizo zinazotenga maana: mtu ni Mhindi, wingi Wahindi, mmea ni muhindi, wingi mihindi, suke lake ni hindi, wingi mahindi. Kwa kulifuata jina tu, mtu angesema nafaka hii ilitoka Bara Hindi. Sivyo. Ilianza kulimwa Meksiko yapata miaka 9,000 iliyopita, na pwani yetu haikuijua kabla ya Wareno, ambao walifika na Vasco da Gama mwaka 1498.

Basi -hindi yaeleza nini? Kwa maoni yangu yaeleza ugeni, si chimbuko. Waarabu waliuita ukwaju tamr hindi, yaani tende ya Kihindi, ilhali ukwaju si tende na asili ya mkwaju ni Afrika. Waitaliano huyaita mahindi granoturco, nafaka ya Kituruki. Nao Wamisri huyanasibisha na Shamu. Kila watu walimtaja mgeni waliyemjua.

Mbaazi ni kinyume chake. Hii ndiyo iliyotoka Bara Hindi kweli, lakini jina lake halina hata chembe ya Uhindi, na Waswahili wameizoea kiasi cha kuitungia methali: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Wakulima walikumbushwa uhusiano huo kwa uchungu mwaka 2017, India ilipozuia mbaazi za nje na bei ikaporomoka.

Ama Ngorongoro, kilimo kilikatazwa ndani ya hifadhi mwaka 1975, kikaruhusiwa 1992, kisha kikakatazwa tena 2009. Hivyo wafugaji wa huko, ambao ugali umeingia sana katika chakula chao, hununua unga unaopanda kutoka Karatu kupitia lango la Loduare. Na kwao mahindi, licha ya jina lake, ni kitu cha Karatu.