Kiti Kisichogombewa: Wilaya ya 13 ya Seneti ya Illinois na Suala la Idhini ya Wapiga Kura

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki walilisikia jina la Barack Obama mwaka 2004, alipohutubia mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Boston na miezi michache baadaye akachaguliwa kuwa seneta wa Marekani. Wakati huo alikuwa amekaa karibu miaka minane katika bunge jingine lisilozungumzwa sana kwetu, yaani Seneti ya jimbo la Illinois inayokutana Springfield. Humo aliwakilisha Wilaya ya 13, eneo la uchaguzi la upande wa kusini wa Chicago lenye Hyde Park, Kenwood na South Shore. Maisha ya mtoto huyu wa msomi Mjaluo kutoka Nyang'oma Kogelo yameandikwa mno. Kiti alichokalia hakijapewa uzito huo, nacho kina la kutufundisha kuhusu maana ya kuwakilishwa.

Tangu mwaka 1991 kiti hicho kimekaliwa na watu wanne. Alice Palmer aliingia mwaka huo kwa kuteuliwa. Obama alimfuata kupitia uchaguzi wa 1996, lakini katika mchujo wa chama jina lake lilisimama peke yake. Kwame Raoul aliteuliwa mwishoni mwa 2004, na Robert Peters akateuliwa Januari 2019. Katika eneo hili mshindi wa mchujo wa Democratic ndiye seneta, kwa kuwa uchaguzi mkuu huthibitisha tu kilichokwishaamuliwa. Kwa hiyo, kwa zaidi ya miaka 30, hakuna hata mmoja aliyekipata kiti hiki kwa mara ya kwanza kwa kumshinda mwenzake katika kura iliyokuwa na maana. Na bado wanne hao, nikiwapima kwa kazi yao bungeni, wamekuwa wawakilishi wazuri. Hali hizi mbili zikiwa kweli kwa pamoja, ni lazima tujiulize uwakilishi mzuri unathibitisha nini.

Hanna Pitkin, katika kitabu chake cha 1967 kuhusu dhana ya uwakilishi, alitenganisha mambo ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya: mwakilishi kupewa idhini na watu, kuwajibika kwao, kufanana nao, na kutenda kwa maslahi yao. Wilaya ya 13 ni mahali pazuri pa kupimia utengano huo, kwa sababu humo utendaji umekuwa imara huku idhini ikiwa dhaifu. Dai langu ni kwamba utendaji mzuri, hata uwe mzuri kiasi gani, haulipi deni la idhini.

Idhini hiyo haikupatikana kirahisi tangu awali. Kati ya 1901 na 1955 wabunge wa Illinois hawakuchora upya maeneo yao ya uchaguzi, ingawa katiba iliwataka kufanya hivyo kila baada ya sensa. Chicago ilifurika wahamiaji, wakiwemo Wamarekani Weusi waliokimbia ukandamizaji wa majimbo ya Kusini, lakini ramani ilibaki ya enzi ya mashamba. Marekebisho ya 1954 yaliligawa upya Baraza la Wawakilishi kwa idadi ya watu, ila Seneti ikagawanywa kwa ukubwa wa ardhi: kaunti ya Cook, ambayo Chicago imo ndani yake na iliyokuwa na zaidi ya nusu ya wakazi wa jimbo zima, ilipewa viti 24 kati ya 58. Ni hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1964, katika kesi ya Reynolds dhidi ya Sims, iliyolazimisha mabaraza yote mawili ya kila jimbo yagawanywe kwa idadi ya watu.

Ramani mpya ikafungua mlango. Mwaka 1966 Richard Newhouse, mwanasheria Mweusi, alichaguliwa kuingia Seneti kutoka upande wa kusini wa jiji. Ramani zilibadilika mara kadhaa naye akabaki hadi 1991. Mwaka 1975 alithubutu kugombea umeya dhidi ya Richard J. Daley, aliyekuwa ameishika mitambo ya chama mjini kwa miaka 20. Alishindwa, lakini ilikuwa miaka minane kabla ya Harold Washington kuwa meya wa kwanza Mweusi wa Chicago. Nataja ushupavu huo kwa sababu Hyde Park na majirani zake walijenga sifa ya kujitegemea mbele ya chama. Watu wa mahali kama hapo ndio ungetarajia wachague seneta wao wenyewe.

Mambo ya 1995 na 1996 yanastahili kuangaliwa kwa makini. Palmer aliamua kuwania kiti cha Bunge la taifa kilichoachwa na Mel Reynolds, na Septemba 1995 akamtambulisha Obama hadharani kama mtu anayemwona anafaa kumrithi. Novemba akashindwa na Jesse Jackson Mdogo. Wafuasi wake wakamsihi arudi kutetea kiti chake cha Seneti, naye akakubali. Obama alikataa kujitoa. Muda wa kukusanya saini za wadhamini ulikuwa umebaki mfupi. Palmer alirudisha saini zipatazo 1,580 wakati sheria ilidai 757, na watu wa Obama wakazipitia moja baada ya nyingine na kuweka pingamizi. Baadhi ya majina yalikuwa ya watu wanaoishi nje ya wilaya, mengine yaliandikwa kwa herufi za chapa badala ya saini, mengine hayakuonekana katika daftari la wapiga kura lililokuwa limesafishwa karibuni. Palmer akajitoa. Wagombea wengine watatu walienguliwa kwa njia hiyo hiyo.

Msomaji wa Tanzania au Kenya hahitaji kuelezwa pingamizi ni nini wala kupita bila kupingwa kuna ladha gani. Kisheria Obama hakukosea. Masharti ya wadhamini yaliwekwa kuzuia udanganyifu, na anayegombea ana haki ya kudai yafuatwe. Lakini haki ya mgombea na haki ya mpiga kura si kitu kimoja. Wakazi wa South Shore walikuwa na seneta aliye kazini ambaye wengi wao walimpenda, na kijana mhadhiri wa sheria aliyekuja na mawazo mapya. Swali la nani kati ya hao wawili anafaa lilikuwa swali lao. Lilijibiwa katika chumba cha ukaguzi wa saini, na Machi 1996 wao wakapewa karatasi yenye jina moja.

Sehemu ya pili ya hadithi inahusu mipaka. Katiba ya Illinois ya 1970 inasema wabunge wakishindwa kukubaliana juu ya ramani, kamati ya watu wanane igawanywe sawa baina ya vyama, na ikikwama, mjumbe wa tisa apatikane kwa kuokota jina. Waandishi wake walidhani hofu ya bahati nasibu ingevifanya vyama vipatane. Haikuwa hivyo. Mwaka 1981 jina lililookotwa lilikuwa la Democratic, 1991 la Republican, na 2001 tena la Democratic, safari hiyo kutoka katika kofia iliyoigwa ile ya Abraham Lincoln. Jina la 1991 ndilo lililowapa Republican ramani na wingi wa Seneti tangu uchaguzi wa 1992, na ndiyo maana Obama alitumia miaka yake sita ya kwanza upande wa wachache, miswada yake mingi ikiishia katika kamati. Jina la 2001 liligeuza meza: Januari 2003 Emil Jones wa Democratic akawa rais wa Seneti, na Obama akaanza kupitisha sheria.

Ila ramani ya 2001 haikugeuza wingi wa Seneti tu. Obama, ambaye mwaka 2000 alikuwa ameshindwa vibaya na Bobby Rush katika mchujo wa Bunge la taifa, aliketi na mchoraji wa ramani wa chama chake na kushiriki kuipanga upya wilaya yake. Ile ya zamani ilielekea magharibi hadi Chicago Lawn, kupitia mitaa maskini. Mpya ilishikilia Hyde Park na kupanda kaskazini kando ya Ziwa Michigan, ikapita katikati ya jiji hadi Gold Coast, kwenye makazi ya matajiri. Ikawa na Wazungu wengi zaidi, wasomi wengi zaidi na fedha nyingi zaidi, na kwa mtu aliyekuwa na nia ya kugombea jimbo zima lilikuwa jambo la manufaa makubwa. Wanahistoria wa siasa huisimulia hatua hiyo kama dalili ya kipaji. Mimi naiangalia kutoka magharibi ya wilaya. Watu walioachwa nje walimpigia kura 1996 na 1998. Hawakuulizwa kama wangependa aendelee kuwa seneta wao, na hakuna kura waliyoweza kuipiga kumwajibisha kwa uamuzi huo. Mwakilishi alibadilisha wawakilishwa.

Na sasa utendaji, ambao ni lazima utendewe haki. Upande wa kusini wa Chicago una kumbukumbu chungu ya polisi. Kamanda Jon Burge na askari waliokuwa chini yake walitesa washukiwa, wengi wao Weusi, ili wakiri makosa, na baadhi ya waliokiri walihukumiwa kifo. Kufikia Januari 2000, tangu hukumu ya kifo irudishwe jimboni mwaka 1977, Illinois ilikuwa imewaua kwa sindano watu 12 na kuwaachia 13 waliobainika kuhukumiwa kimakosa. Gavana George Ryan alisimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo, na Januari 2003 akabadilisha adhabu za wote waliokuwa wakisubiri kifo. Mwaka huo huo Obama aliongoza sheria ya kurekodi mahojiano ya polisi katika kesi za mauaji, akiwakutanisha waendesha mashtaka, polisi na watetezi wa haki hadi ikapita bila upinzani Seneti. Raoul, mwana wa wahamiaji kutoka Haiti, ndiye aliyeubeba Seneti mswada wa kufuta hukumu ya kifo kabisa, uliotiwa saini na Gavana Pat Quinn Machi 2011. Peters alikuwa mstari wa mbele katika sheria iliyoondoa dhamana ya fedha taslimu, na Septemba 2023 Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani kuifuta kabisa.

Maseneta watatu waliofuatana, katika muda wa miaka 20, walisukuma suala lile lile kutoka kiti kile kile. Huo ni uwakilishi wa kweli. Unaonyesha kwamba eneo lina sauti yake inayodumu kuliko mtu mmoja, na kwamba hata mteuliwa huisikia sauti hiyo. Anayetetea mfumo uliopo ana hoja nzito hapa: kama matokeo ni haya, kuna ubaya gani?

Ubaya upo katika anayeteua. Kiti cha Seneti ya Illinois kikibaki wazi, hakuna uchaguzi mdogo. Viongozi wa kata wa chama kilichokuwa na kiti hukutana ndani ya siku 30 na kumteua mrithi, na uzito wa kura ya kila mmoja hutegemea wingi wa kura za chama zilizopigwa katika sehemu yake ya wilaya. Kwa eneo lenye watu takriban 217,000, uamuzi unabaki mikononi mwa watu wachache wanaotosha kukaa meza moja. Mteuliwa huenda baadaye kwa wapiga kura, ni kweli, lakini huenda akiwa tayari na cheo, ofisi, wafadhili na rekodi ya kura. Atakayempinga anashindana na chama kizima. Kenya na Tanzania, pamoja na kasoro zote za chaguzi zetu, mbunge wa jimbo akifa au akijiuzulu wananchi wa jimbo hilo huitwa kupiga kura.

Nusu ya wilaya hiyo hiyo inatoa ushahidi kwamba wakazi wanautaka ushindani. Kila wilaya ya Seneti Illinois imegawanywa katika maeneo mawili ya Baraza la Wawakilishi. Barbara Flynn Currie alipostaafu baada ya kuwakilisha Hyde Park kwa miaka 40, kiti chake kiliachwa kifikie mchujo wa 2018 kikiwa wazi. Wagombea wengi walijitokeza, kampeni ikawa kali, na Curtis Tarver akashinda kwa tofauti ndogo. Wananchi wakipewa nafasi ya kuchagua, huitumia.

Kuhusu mipaka, raia walijaribu. Mwaka 2016 zaidi ya saini nusu milioni ziliwasilishwa kuomba kura ya maoni ya kukabidhi uchoraji wa ramani kwa chombo huru, na Mahakama Kuu ya Illinois ikalizuia ombi hilo kwa kura nne dhidi ya tatu. Februari mwaka huo huo Obama, akiwa rais, alirudi Springfield kuhutubia bunge lake la zamani na kulisihi liache wanasiasa kujichagulia wapiga kura. Ushauri wake ulikuwa sahihi, na historia ya wilaya yake ndiyo inayoonyesha kwa nini. Chama chake kilichora ramani ya 2021 peke yake, kama kilivyofanya 2011.

Sensa ijayo ni ya 2030, na ramani itakayofuata inatakiwa kuwa tayari mwaka 2031. Wabunge wa Illinois wana muda wa kutosha kupeleka mbele ya wananchi marekebisho ya katiba ya uchaguzi mdogo kwa kila kiti kitakachokuwa wazi, na ya tume huru ya mipaka. Wafanye hivyo kabla mtu wa tano hajakalishwa katika kiti cha Wilaya ya 13.