Kusomea Nyumbani, Kupanda Liru

Hadi mwaka 2013, kijana wa Arua au Koboko aliyetaka kusoma katika chuo kikuu cha serikali alikuwa hana budi kuvuka Mto Nile. Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922, iko Kampala, karibu kilomita 500 kutoka Arua. Wakubwa wetu walifika huko kwa malori, na kabla ya daraja la Karuma kufunguliwa mwaka 1963 walingoja vivuko pia. Kwetu Koboko, mzazi akijisifu kuwa ana mtoto aliyesoma, swali la pili lilikuwa: yuko wapi sasa? Jibu halikuwa Koboko.

Nimefundisha jiografia katika shule za sekondari za Koboko na Arua, na nimeiona desturi hiyo ya kuondoka ikianza kugeuka. Ndiyo maana nataka kueleza ilikotoka.

Kuondoka hakukuanzia shuleni. Uganda ilichukua eneo letu la West Nile kutoka Sudan mwaka 1914, na Arua ikawa makao ya wilaya mwaka huohuo. Tangu hapo serikali ya kikoloni ilitufanya ghala la askari na vibarua. Wanaume walikwenda kwenye jeshi la King's African Rifles, ambako Kiswahili chetu kilikomaa, au kwenye mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua mwaka 1918 na kujenga misheni ya Mvara. Wakatoliki walikuwa na Ombaci. Shule zilizotokana na misheni hizo zilikuwa nzuri, lakini mtoto wa Koboko alizifikia kwa kulala bwenini. Aliondoka na sanduku la bati, godoro, ndoo na fyekeo, akarudi likizo kupalilia ufuta na mtama, kisha akaondoka tena. Akifika kidato cha sita alikuwa anaweza kuchora Bonde la Ufa la Kenya kwa kichwa, ila kijito kilicho nyuma ya boma la babu yake hakijui kinaelekea wapi.

Sisi wa rika langu tulisomea nyumbani kwa sababu nyingine kabisa. Idi Amin, mtu wa Koboko kwa ukoo, alipinduliwa Aprili 1979, na mwaka uliofuata kisasi kikatufikia. Oktoba 1980 watu wa Koboko walikimbilia Sudan na Zaire. Waliobaki karibu na Arua hawakusalimika: tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi waliwaua makumi ya raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci. Familia yetu ilikuwa upande wa Yei, huko Sudan. Walimu waliokuwa wakimbizi kama sisi walitufundisha chini ya mwembe, kwa ubao uliopakwa masizi ya betri zilizokwisha. Mama alinisomesha hesabu huku akichambua mboga. Nilijifunza pale kwamba nyumba inaweza kuwa darasa kamili, mradi mtu mzima aliye ndani yake aamue hivyo.

Tuliporudi, nchi yenyewe ilikuwa bado imefungwa kwa miguu yetu. Katikati ya miaka ya 1990 waasi wa West Nile Bank Front walikuwa porini, mabasi yakivamiwa kati ya Karuma na Pakwach, na mabomu ya ardhini yametegwa kwenye njia za mashamba. Klabu za wanyamapori zilikuwapo Kenya tangu 1968 na Uganda tangu 1975, lakini mwalimu gani angewapeleka watoto wa watu kilimani wakati huo? Waasi wengine, wa UNRF II, walitia saini amani mjini Yumbe Desemba 2002. Uganda ilitangazwa kuwa haina tena mabomu ya ardhini mwaka 2012. Kwa hesabu yangu, kizazi kizima kilifanya mtihani wa jiografia bila kuthubutu kutoka nje ya barabara.

Kisha mambo mawili yakatokea. Chuo Kikuu cha Muni kilifunguliwa mwaka 2013, jirani kabisa na mji wa Arua, na kwa mara ya kwanza mtoto wa kule aliweza kuota digrii ya serikali akiwa kwao. La pili ni korona. Shule zilifungwa tarehe 20 Machi 2020. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba, lakini kidato cha sita kilifanya mtihani Aprili 2021 badala ya mwishoni mwa mwaka. Shule zote zilifunguliwa Januari 2022. Vijana waliotakiwa kujiandaa kwa chuo walikaa nyumbani muda ambao hakuna likizo ya Uganda iliyowahi kuwa nao. Wengi walikwenda kuuza mafuta ya magendo mpakani au kuendesha bodaboda. Wasichana wengi walipata mimba au waliozwa.

Binti wa kaka yangu alikuwa mmoja wa waliokuwa nyumbani. Alisoma asubuhi na mapema, kabla ya kwenda kisimani, na usiku kwa taa ya sola. Siku moja aliniuliza: "Shangazi, mlima Liru una urefu gani?" Nikamwambia alete ramani. Wenzake wakaja kuitazama, na klabu yetu ya kupanda milima ikazaliwa juu ya ile karatasi ya 1:50,000 iliyochakaa mikunjo, niliyokuwa nayo tangu nilipoanza kazi.

Taratibu zetu ni chache. Tunamwarifu mwenyekiti wa kijiji (LC1) na wazee wa ukoo wa mahali husika, maana Liru si kichuguu cha kuchezea. Katika masimulizi ya Walugbara, mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, ndio waliozaa koo. Jaki alifia Liru, Dribidu akafia Wati, huko Terego. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi kwa Walugbara kati ya 1949 na 1952, aliyaandika masimulizi hayo, na wanafunzi wa ng'ambo huyasoma. Niliona aibu kwa ajili ya mtaala wetu kwamba watoto wanaoiona Liru kila asubuhi walikuwa hawajayasikia. Sasa mzee huyasimulia pale chini kabla hatujapanda, na kila mmoja anaandika.

Tunatoka alfajiri na maji, muhogo wa kuchemsha na karanga. Juu tunalinganisha kontua za ramani na mteremko tunaouona, kazi ileile ambayo mtihani wa kidato cha sita unaiuliza. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, msichana anapanda mlima kutafuta nini?" Nilimwalika aje. Alikuja, akapanda kwa kanga na viatu vya plastiki, na tangu siku ile ndiye anayewashawishi akina mama wengine.

Safari ninayoipenda kuliko zote ni ya Salia Musala, pale Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana. Mpaka wetu na Kongo haukuchorwa kwa rula. Mkataba wa 1894 kati ya Waingereza na Mfalme Leopold ulifuata mgongo wa ardhi unaogawa maji: mvua ikinyesha upande wetu inaingia Nile na kufika Mediterania, ikinyesha upande wa pili inaingia Kongo hadi Atlantiki. Kijana anayesimama pale na chupa ya maji akamwaga kidogo kila upande haisahau jiografia hiyo, na hahitaji kwenda Kampala kuipata.

Baadhi ya wanaklabu wa mwaka 2021 walijiunga na Muni. Wa Arua walirudi nyumbani kila jioni. Wa Koboko walipanga vyumba mjini na kurudi mwisho wa wiki kwa barabara ya lami inayokwenda hadi Oraba. Wao ndio wanaoongoza vikundi vya wadogo sasa. Wameanza pia kuchangishana nauli ya kwenda hifadhi ya Ajai, ambako vifaru weupe waliishi kabla ujangili haujawamaliza Uganda nzima mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wati tunaipanda Januari, majani yakishachomwa na njia zikaonekana, na wazee wa Terego tayari wametuambia tutapitia upande gani.